Miezi Sita Ilitoka Wapi?

Hii ni hotuba ya Mratibu wa Huduma za Kifua Kikuu na Magonjwa ya Mapafu katika kaunti yetu, aliyoitoa mbele ya wakazi kwenye maadhimisho ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Machi 24. Tunaichapisha kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Sikuja leo kuwasomea takwimu nyingi. Nimekuja kujibu swali ambalo mama mmoja aliniuliza kwenye kliniki ya kifua. Alikuwa amekuja kumchukulia mumewe dawa. Akaniambia, "Daktari, huyu mzee wangu alikuwa hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono. Sasa amemeza dawa miezi miwili. Anakula ugali vizuri, halali tena akitokwa jasho, na wiki jana alirudi shambani. Mbona bado mnamfungia dawa za miezi mingine minne? Hiyo miezi sita mliitoa wapi?"

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, nikamjibu kwa haraka. Nikamwambia, "Mama, huo ni mwongozo wa Wizara." Alichukua dawa akaenda, lakini jibu langu halikunitosheleza hata mimi mwenyewe. Mtu akiambiwa ameze dawa siku mia moja na themanini, ana haki ya kuelezwa sababu. Na sababu ipo. Tena haikutoka mbali peke yake. Sehemu yake kubwa ilitoka hapa kwetu Afrika Mashariki, katika mapafu ya wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na katika kazi ya watafiti wa Nairobi. Leo ningependa kumjibu yule mama ipasavyo.

Kabla ya dawa

Tunaadhimisha siku hii tarehe 24 Machi kwa sababu tarehe hiyo, mwaka 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekitambua kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kabla ya hapo wengi waliamini ni ugonjwa wa ukoo. Koch alionyesha kwamba ni maambukizi. Lakini kumjua adui si kumshinda. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya dawa ya kwanza ya kweli kupatikana. Katika miaka hiyo yote mgonjwa alipelekwa sanatoria, mahali pa kupumzika, kula vizuri na kupata hewa safi, akisubiri kuona kama mwili wake utashinda wenyewe.

Mwaka 1943, katika Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, ikagunduliwa streptomaisini. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likaijaribu kwa wagonjwa 107. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 wakapewa mapumziko peke yake. Nani aingie kundi lipi iliamuliwa kwa bahati nasibu, ili daktari asije akawachagulia dawa wale anaodhani watapona. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948. Katika miezi sita ya kwanza walikufa wanne kati ya wale 55 waliopewa dawa, na 14 kati ya wale 52 ambao hawakupewa.

Ilikuwa habari njema, lakini haikudumu. Wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wao wakaanza kudhoofika tena ilhali bado wanachomwa sindano ileile. Vijidudu vilikuwa vimeizoea dawa. Huo ndio tunaouita usugu wa dawa. Ulipofika mwaka wa tano, tofauti kati ya makundi yale mawili ilikuwa imebaki ndogo.

Hapo wataalamu wakajifunza somo la kwanza, nami naomba mlishike: kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Kijidudu kimoja kati ya mamilioni huweza kuzaliwa kikiwa na uwezo wa kuishinda dawa fulani. Ukitumia dawa hiyo peke yake, unaua wenzake wote na kukiachia hicho nafasi ya kuzaana. Ukitumia dawa mbili au tatu kwa pamoja, kile kinachoponyoka ya kwanza kinauawa na ya pili. Ndiyo maana leo, katika miezi miwili ya mwanzo, kidonge chetu kina dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli.

Kutibiwa ukiwa nyumbani

Isoniazidi ilipoanza kutumika mwaka 1952, pamoja na dawa nyingine iliyoitwa PAS, iliwezekana kumponya karibu kila mgonjwa. Tatizo lilikuwa muda. Matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine miaka miwili. Na ni nchi gani maskini ingeweza kuwalaza watu wake wote hospitalini kwa muda huo?

Jibu lilianzia India. Mwaka 1956, katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, kulifunguliwa kituo cha utafiti wa dawa za kifua kikuu. Kiliongozwa mwanzoni na daktari Mwingereza, Wallace Fox. Waliwachukua wagonjwa 193 kutoka mitaa ya watu wa hali ya chini. Nusu wakalazwa sanatoria, walikokula vizuri na kupumzika. Nusu wakabaki nyumbani kwao, katika vyumba vyenye msongamano, wakila chakula walichozoea, na wengine wakiendelea na kazi. Wote walipewa dawa zilezile kwa mwaka mmoja.

Matokeo yalipotoka mwaka 1959 yaliwashangaza wengi. Waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Tena jamaa zao hawakuambukizwa zaidi ya jamaa za wale waliokuwa sanatoria. Kilichoponya ni dawa iliyomezwa hadi mwisho. Kitanda na sahani ya nyama havikuleta tofauti.

Ndugu zangu, bado tunao katika kaunti hii watu wanaomtengea mgonjwa wa TB sahani yake, kikombe chake, na wakati mwingine kibanda chake nje ya boma. Kifua kikuu hakienezwi na sahani. Husafiri hewani, mgonjwa ambaye hajaanza dawa anapokohoa katika chumba kisicho na hewa. Mgonjwa aliyeanza dawa zinazofaa hupunguza kuambukiza wengine upesi. Fungueni madirisha, amezeni dawa, na mleni pamoja.

Zamu ya Afrika Mashariki

Sasa tunafika kwa yule mama na miezi yake sita.

Miaka ya 1960 matibabu katika nchi zetu yalikuwa ya miezi 18. Fikirieni mtu wa shamba au mchuuzi wa sokoni akiambiwa aje kliniki kwa mwaka mmoja na nusu, wakati kikohozi kilimwisha mwezi wa pili. Wengi waliacha njiani. Kwa hiyo watafiti wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakauliza swali ambalo wengi waliliona halina maana: je, muda huu unaweza kufupishwa?

Mwaka 1970 wakaanza jaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kituo cha uchunguzi wa kifua kikuu cha Nairobi kilikuwa miongoni mwa nguzo za kazi hiyo. Makohozi yalisafirishwa kwa ndege hadi London, katika maabara ya Profesa Denny Mitchison kwenye Hospitali ya Hammersmith, yakaoteshwe na kuchunguzwa huko. Wagonjwa waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida ya miezi 18. Makundi manne yalipata matibabu ya miezi sita tu. Yote manne yalipata streptomaisini na isoniazidi. Moja halikuongezewa kitu, la pili likaongezewa rifampisini, la tatu pirazinamidi, na la nne thiasetazoni.

Baada ya miezi sita, karibu wote katika makundi yote manne walionekana wamepona. Makohozi yalikuwa safi na kikohozi kimekwisha. Kama utafiti ungeishia pale, tungesema dawa zote ni sawa. Lakini hawakuishia pale. Waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wale ili wajue ugonjwa utamrudia nani.

Sikilizeni tofauti iliyojitokeza. Katika kundi lililoongezewa rifampisini, ugonjwa uliwarudia kama watu watatu kati ya kila mia. Walioongezewa pirazinamidi walikuwa wanane kati ya mia. Walioongezewa thiasetazoni walikuwa 22, na ambao hawakuongezewa chochote walikuwa 29 kati ya mia. Watu hao wote, narudia, walionekana wamepona siku ya mwisho ya dawa.

Ripoti ya kwanza ilichapishwa London mwaka 1972. Kuanzia hapo dunia nzima ikajua kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita, mradi dawa ziwe zinazofaa. Leo mgonjwa anayemeza dawa za kawaida za miezi sita huko Lima, Mumbai au Lusaka anafuata njia ambayo wagonjwa wa Afrika Mashariki walikuwa wa mbele kuipita. Majina yao hayamo vitabuni. Walikuwa watu kama mimi na wewe, wakulima, makuli, akina mama wa nyumbani, waliokubali kutoa makohozi yao mwezi baada ya mwezi, hata walipojisikia wazima.

Makaa chini ya jivu

Mtaniuliza, kama mgonjwa anapata nafuu haraka hivyo, kwa nini isiwe miezi miwili?

Jibu la swali hilo pia lilitafutwa Nairobi. Daktari Amina Jindani na wenzake, Mitchison akiwa mmoja wao, waliwachunguza wagonjwa 124 jijini humo na kuhesabu vijidudu katika makohozi yao tangu dawa ya kwanza. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1980, na hadi leo wanaotengeneza dawa mpya za kifua kikuu huutumia kama mfano. Waliona kwamba isoniazidi huua zaidi ya tisa kati ya kila vijidudu kumi katika siku mbili za kwanza. Siku mbili tu! Baada ya hapo kasi inapungua sana.

Kwa nini inapungua? Kwa sababu vijidudu vya kifua kikuu haviko katika hali moja. Vingi viko macho, vinakula na kuzaana, na hivyo huuawa upesi. Lakini vichache vimelala. Havizaani, havina haraka, na dawa nyingi haziviwezi kikilala hivyo. Akina mama wanaopika kwa makaa wananielewa. Ukiacha jiko usiku, asubuhi unaona jivu jeupe tupu. Lakini chukua kijiti uchokore chini, utakuta kaa jekundu. Ukitupa jivu hilo kwenye majani makavu, unachoma boma.

Nafuu ya mwezi wa pili ndilo lile jivu jeupe. Makaa yaliyo chini yake ndiyo yanayohitaji rifampisini na pirazinamidi, na muda. Kazi ya miezi minne ya mwisho ni kuyazima makaa hayo. Mgonjwa hahisi chochote katika miezi hiyo, na ndiyo maana ni migumu kuliko ile ya mwanzo.

Je, watafiti hawakujaribu miezi minne? Walijaribu, tena hapa hapa Afrika Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1970. Walipanga matibabu ya aina tano ya miezi minne. Katika ile iliyofanya vizuri zaidi, ugonjwa uliwarudia kama watu 11 kati ya kila mia. Katika ile iliyofanya vibaya zaidi, uliwarudia 40 kati ya mia. Kwa hiyo ukiacha dawa zako za sasa mwezi wa nne, usijidanganye kwamba unafanya jaribio jipya. Jaribio hilo lilishafanywa, na matokeo yake tunayo.

Yaliyofuata

Mwaka 1979 Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, na ndani yake kukawa na kituo cha utafiti wa magonjwa ya kupumua kilichoendeleza kazi hii Nairobi. Nitataja mambo matatu tu kati ya mengi yaliyofanyika katika nchi yetu.

La kwanza linawahusu wazee wa vijiji mlioketi hapa mbele. Miaka ya 1970 watafiti nchini Kenya, akiwemo mtaalamu wa mapafu Joseph Aluoch, walijaribu njia mbalimbali za kuwapata wagonjwa ambao hawajafika hospitalini. Mojawapo ya njia hizo ilikuwa kuwauliza viongozi wa jamii: ni nani hapa kijijini anayekohoa kwa muda mrefu? Kazi ambayo wahamasishaji wetu wa afya ya jamii wanaifanya leo, wakipita mlango kwa mlango, ina mizizi mirefu.

La pili ni la thiasetazoni. Ilikuwa dawa ya bei nafuu sana, nayo ilitumika kwa miaka mingi katika nchi zetu kwa sababu rifampisini ilikuwa ghali. Ukimwi ulipoingia, madaktari wa Nairobi waliona wagonjwa wengine wakivimba na kubambuka ngozi, na baadhi yao wakifa. Wakachunguza kwa makini, na mwaka 1991 wakatangaza matokeo. Kati ya wagonjwa wenye virusi vya ukimwi waliopewa dawa hiyo, kama mmoja kati ya kila watano alipatwa na madhara ya ngozi. Kati ya wasio na virusi, alikuwa kama mmoja kati ya mia. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likaonya dhidi ya kuwapa dawa hiyo watu wenye virusi. Utafiti si wa kuleta dawa mpya tu. Pia hutuambia ni dawa gani tuiache.

La tatu linahusu wale wanaodhani kwamba mradi umemeza dawa kwa muda mrefu, basi umepona. Kwa miaka mingi nchi kadhaa, ili kutumia rifampisini kidogo, zilitoa matibabu ya miezi minane, ambapo miezi sita ya mwisho haikuwa na rifampisini. Mwaka 2004 Amina Jindani na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha hayo na matibabu ya miezi sita yenye rifampisini hadi mwisho. Miezi sita ilishinda. Walioshindwa kupona au kurudiwa na ugonjwa walikuwa kama watano kati ya mia katika miezi sita, na kama kumi hadi 14 kati ya mia katika miezi minane. Kwa hiyo wingi wa miezi peke yake si kitu. Ni dawa inayofaa, kwa muda unaofaa, bila kuruka.

Na leo hii kazi haijasimama. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la zaidi ya watu 2,500 katika nchi 13, Kenya ikiwa mojawapo, yaliyoonyesha kwamba matibabu ya miezi minne yanaweza kuwa sawa na ya miezi sita. Najua baadhi yenu mmesikia habari hiyo na mmekuja kuniuliza. Nasema wazi: miezi ile minne ni ya dawa tofauti, ikiwemo rifapentini na moksifloksasini. Si dawa zilizo kwenye pakiti yako. Huwezi kuchukua muda wa dawa moja ukaupa dawa nyingine. Siku matibabu hayo yatakapofika kliniki yetu, sisi wenyewe tutawaambia.

Mtu mmoja kati yetu

Niliwahi kumtibu kijana wa boda boda. Sitasema jina wala stendi yake. Alikuwa mchapakazi, ana mke na mtoto mdogo. Mwezi wa tatu alipotea. Tulipompigia simu alisema yuko vizuri, na kwamba kila siku anayokuja kliniki anapoteza pesa za asubuhi, ambazo ndizo za chakula. Hakuwa mjinga. Alipiga hesabu yake kama mtu mwingine yeyote ambaye asipofanya kazi leo hali leo.

Alirudi baada ya karibu mwaka mmoja, akiwa amekonda kuliko mara ya kwanza. Makohozi yake yalipowekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ile inayotoa majibu ndani ya saa mbili, ilionekana kwamba rifampisini haimsaidii tena. Mtoto wake naye alikuwa anakohoa. Wote wawili wako hai, namshukuru Mungu. Lakini yeye alipitia matibabu mazito zaidi, na pikipiki aliiuza.

Nimelifikiria sana jambo lile, na sehemu ya lawama naichukua mimi. Tulimwambia ameze dawa. Hatukumweleza habari ya makaa chini ya jivu. Wala hatukumuuliza ni saa ngapi angeweza kuja bila kupoteza wateja wake wa asubuhi.

Tunachoombana

Mwaka 2016 Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu, na ikabainika kwamba kati ya watu wazima laki moja, 558 walikuwa na ugonjwa huu. Takriban wagonjwa wanne kati ya kila kumi walikuwa hawajulikani na hawatibiwi. Wako majumbani, kwenye matatu, sokoni, kwenye ibada. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini maradhi haya yakifichwa humuumbua na jirani.

Basi nina maombi machache.

Kwako wewe unayekohoa, usisubiri. Kama una kikohozi kisichoisha, unatokwa na jasho usiku, unakonda bila sababu, una homa za mara kwa mara au unatema damu, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.

Kwako wewe uliyeanza dawa, tarajia mkojo kuwa na rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini, si damu. Lakini macho yakigeuka manjano, ukitapika mfululizo, au ukianza kuona vibaya, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Usiache dawa kimyakimya. Mwambie mhudumu. Ukisafiri au kuhama, tuambie mapema tukupe barua ya kuhamishia matibabu kwingine. Na ukija kutoa makohozi katika mwezi wa pili, wa tano na wa sita, usione ni usumbufu. Hiyo ndiyo njia yetu ya kuchokora jivu tuone kama kuna kaa.

Kwa familia, chagueni mtu mmoja wa kumkumbusha mgonjwa kila siku. Leteni watoto wadogo wapimwe, kwa sababu wanaoishi na mgonjwa wanaweza kupewa dawa za kuzuia kabla hawajaugua.

Kwa waajiri na wenye pikipiki na matatu, mfanyakazi anayetibiwa mruhusuni aende kliniki bila kumkata siku. Anawalinda nyinyi pia.

Kwa wahudumu wenzangu, tuache kujibu "ni mwongozo." Mwongozo una sababu, na sababu hiyo tuieleze kwa lugha ambayo mtu ataibeba hadi nyumbani.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Safari hii niliketi naye. Nikamweleza habari ya wagonjwa wa mwaka 1970, wale watatu kati ya mia na wale 29 kati ya mia. Nikamweleza habari ya jiko. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe si nyinyi mnaomfunga. Ni wale waliotangulia wanaomwambia asirudi walikotoka wao." Mumewe alimaliza mwezi wa sita. Makohozi yake yalikuwa safi, na hadi leo ni safi.

Miezi sita, ndugu zangu, haikutoka hewani wala ofisini Nairobi. Ni deni tuliloachiwa na watu wetu wenyewe, na tunalilipa kwa kumeza kidonge cha mwisho.